Jasho la joto na jasho la sukari

Mombasa kila mtu hutoka jasho, na hapo ndipo ilipo taabu yangu. Ningekuwa nauza dawa Limuru, kisha akaingia mzee asubuhi ya ukungu, shingo imelowa na mikono yatetemeka, ningeacha kila kitu nikamshike. Lakini duka ninalofanyia kazi liko karibu na Mwembe Tayari. Hapa mwezi wa Machi, saa saba za mchana, mzee aliyelowa jasho ni mteja kama wateja wengine. Makanga amelowa, mama wa mboga amelowa, bawabu wa duka la jirani amelowa, na mimi niliyepigwa na feni tangu asubuhi gauni limenigandama mgongoni.

Katika watu wote hao, huwa yumo mmoja ambaye jasho lake si la jua. Sukari yake imeshuka. Ukimwambia akae kivulini anywe maji, atakushukuru, atakaa, atakunywa, na ataendelea kuzama hapo hapo kwenye benchi.

Wateja huniita daktari. Nimewakataza, hawasikii, nimechoka. Nimesomea dawa, si udaktari, na sehemu kubwa ya siku yangu ni kutoboa watu vidole na kuwasomea namba. Nimekuja kuamini kwamba huku pwani mtu hawezi kuielewa sukari ya mwili wake mpaka aelewe kwanza joto la mwili wake, maana mambo haya mawili yakiharibika, yote hujitangaza kwa ngozi iliyolowa.

Tuanze na joto. Ndani ya mwili joto hukaa karibu nyuzi 37, uwe Likoni uwe Limuru. Chini ya ubongo, katikati, kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, ambayo kazi yake mojawapo ni kuichunga hiyo 37. Hupata habari kutoka kwenye ngozi, na pia hupima joto la damu inayopita pale ilipo. Damu ikipata moto, hutoa amri mbili. Mishipa midogo ya ngozi hupanuka ili damu ya ndani ije juu itoe joto lake nje; ndiyo sababu mtu mwenye joto ngozi yake huwa moto ukimgusa. Kisha tezi za jasho hufunguka, na mtu mmoja anazo kati ya milioni 2 na milioni 4.

Wengi hudhani jasho lenyewe ndilo linalopoza. Silo. Kinachopoza ni kukauka kwake. Lita moja ya jasho ikikauka yote juu ya ngozi huondoka na joto la karibu kilokalori 580. Lita hiyo hiyo ikichuruzika ikadondoka sakafuni, haikukusaidia kitu: umepoteza maji na chumvi bure.

Kuna kisa ambacho sichoki kukihadithia. Mwaka 1775, daktari mmoja wa Uingereza, Charles Blagden, alichapisha habari za majaribio aliyoyafanya London pamoja na wenzake. Waliingia ndani ya chumba kilichopashwa moto kupita nyuzi 100, joto la kuchemsha maji. Waliingia na nyama, mayai na mbwa. Nyama iliiva, mayai yakawa magumu, na watu wakatoka wazima. Mbwa naye alitoka mzima, namshukuru Mungu. Walikuwa wamemweka kikapuni asiungue miguu. Hewa ya mle ndani ilikuwa kavu, jasho likatoka na kukauka papo hapo. Lakini sehemu ninayoipenda mimi ni ile ya maji. Walitia maji ndani ya chumba kile, na yale yaliyokuwa wazi hayakuchemka, kwa sababu yalikuwa yakijipoza kwa mvuke wake. Yalipotiwa mafuta juu, mvuke ukakosa pa kutokea, nayo yakachemka.

Basi Mombasa ya Machi, hewa yenyewe ndiyo mafuta. Kipimajoto kitasema 32 au 33, na mtu wa Garissa aliyezoea 37 atatucheka. Asicheke. Jasho lake yeye hukauka kabla hajaliona. Letu hukaa juu ya ngozi kwa sababu hewa imeshajaa maji ya bahari na haina nafasi ya kupokea mengine. Ubaya zaidi ni zile siku kaskazi imelegea na kusi haijashika, hata jani la mwembe halitikisiki. Watu hujazana Lighthouse jioni kupunga upepo na kula mihogo ya pilipili, nao wana akili kuliko wanavyojua: upepo huondoa ile hewa nzito iliyoigandia ngozi na kuleta nyingine, jasho likapata pa kwenda. Feni hufanya vivyo hivyo. Haipozi chumba hata kidogo, hupoza mtu aliyelowa.

Wageni wa bara huteseka sana siku za kwanza, kisha mwili hujifunza. Katika wiki moja au mbili, jasho huanza mapema zaidi, hutoka kwa wingi zaidi, na chumvi yake hupungua. Nasi Julai tunavaa sweta kwa nyuzi 22, hao wageni hawana mbavu.

Sasa sukari. Damu yote ya mtu mzima, lita 5 hivi, ina glukosi, yaani sukari ya damu, gramu 4 au 5 tu. Kijiko kimoja cha chai. Nikiwaambia watu haya pale dukani hawaniamini, na siwalaumu. Mtu ametoka kula mahamri kwa mbaazi akashushia chai ya vijiko 4, halafu nimwambie damu yake yote ina kijiko kimoja? Ndiyo, kama kongosho lake ni zima. Sukari ikipanda baada ya chakula, kongosho hutoa insulini, na insulini huiamuru misuli na mafuta ya mwili kuichukua, na ini kuiweka akiba. Ini hushika akiba ya karibu gramu 100 ya glikojeni, yaani glukosi iliyounganishwa ikawekwa. Ukilala usiku, au ukifunga, kongosho lile lile hutoa kitu kingine, glukagoni, kuliambia ini lianze kurudisha kidogo kidogo. Mfaransa Claude Bernard ndiye aliyeonyesha, katika karne ya 19, kwamba ini lenyewe hutengeneza sukari na kuimwaga kwenye damu. Kabla yake ilidhaniwa sukari ya mnyama yote hutoka kwenye chakula. Na ubongo peke yake hula karibu gramu 120 kwa siku. Kwa hivyo kile kijiko kimoja kinatumika na kujazwa tena mchana kutwa na usiku kucha, na mwenyewe hana habari.

Kwenye mashine zetu, ambazo huhesabu kwa milimoli kwa lita, asubuhi kabla ya kula, mtu asiye na kisukari hucheza kati ya 4 na 5 na ushei. Ikifika 7 au zaidi, na kipimo kikirudiwa kikasema hivyo hivyo, hiyo ni kisukari. Hayo wengi wameshayakariri. Kinachosahaulika ni upande wa chini.

Ikishuka chini ya 4, mwili huingiwa na hofu, na sitii chumvi. Insulini huwa imeshapunguzwa, glukagoni imeongezwa, na sasa huitwa adrenalini, ile ile inayokujia ukikoswakoswa na tuktuk. Adrenalini hulikaba ini litoe akiba. Lakini hekaheka hiyo ina dalili zake: moyo hupiga mbio, mikono hutetemeka, njaa huuma ghafla, na jasho hutoka. Jasho hili halikuitwa na joto. Na wakati linatoka, mishipa ya ngozi haipanuki, inajibana. Damu ya moto hubaki ndani. Ndiyo maana anayeshuka sukari huwa amelowa na baridi kwa wakati mmoja, kile kijasho chembamba cha shingoni na kwenye paji la uso. Mwenye joto tu amelowa lakini ni moto. Ngozi zetu nyeusi hazionyeshi weupe upesi, kwa hivyo usitegemee macho. Mguse kwa nyuma ya kiganja chako.

Kuna mzee muuza kahawa, mimi namwita Ami, hupita hapa na dele lake la shaba lenye makaa chini yake, vikombe vikilia mkono wa pili. Anatumia glibenklamaidi miaka mingi. Kidonge hicho hulisukuma kongosho litoe insulini, umekula au hujala, na kwa wazee hukaa mwilini muda mrefu. Mchana mmoja wa Machi aliingia, akatua dele, akakaa.

"Mwanangu, kaskazi ya mwaka huu yataka kutuzika," akasema.

Nikampa maji. Akawa anajipangusa kwa kikoi na kunijibu nusu nusu. Mteja mmoja akamtania kidogo kuhusu kahawa yake, naye Ami, mtu ambaye sijapata kumsikia akipandisha sauti, akamkaripia mpaka duka zima likanyamaza. Nikamshika mkono. Ulikuwa baridi, na nje nyuzi 33.

Mashine ikasema 2.9. Nikamkorogea vijiko 3 vya sukari ndani ya nusu glasi ya maji, nikasimama naye mpaka akamaliza. Baada ya robo saa nikampima tena: 5.2. Ilivyokuwa ni kwamba alimeza kidonge alfajiri kwa chai kavu, biashara ikawa nzuri, akaruka chakula cha mchana. Mpaka leo anakana kwamba alimkaripia mtu.

Ule ukali nausisitiza kwa jamaa za wagonjwa kila nipatapo nafasi. Sukari ikishuka hadi 3 na chini, ubongo ndio unaoanza kukosa. Mtu mpole huwa mkorofi, msemaji huwa bubu, mwingine huongea kama mlevi na anayemwona hupita mbali. Mke wa mgonjwa mmoja wa Majengo aliniambia yeye hana haja ya mashine: "Akianza kunitafutia makosa ya mwaka juzi, namtilia sukari." Mashine anayo, nilimuuzia mwenyewe, lakini naona mbinu yake haina kasoro kubwa.

Hapo joto na sukari vinaanza kuchanganyika vibaya, na hapa ndipo ningependa watu wasome polepole.

Sukari ikiwa juu, ikapita kama 10, figo hushindwa kuirudisha yote, nyingine hutoka na mkojo, na haitoki peke yake: huvuta maji. Mtu hukojoa sana, hukauka, hupata kiu isiyokatika. Aliyekauka hana maji ya kutoa jasho, kwa hivyo joto humpanda. Na maji yakipungua mwilini, sukari iliyobaki kwenye damu huwa nzito zaidi. Kila moja humsukuma mwenzake.

Sukari ikikaa juu miaka mingi, huharibu hata mishipa midogo ya fahamu inayoendesha tezi za jasho. Nyayo huacha kutoka jasho, zikakauka na kupasuka, huku kifua na uso vikimiminika maradufu, wengine hasa wakati wa kula. Mama akiniambia, "Mie joto laniua juu, miguu yangu mikavu kama ubao," simuuzii mafuta ya kupaka tu. Namuuliza mara ya mwisho alipimwa lini.

Halafu kuna sindano. Ngozi yenye joto ina damu nyingi inayopita, na insulini iliyodungwa hapo huingia mwilini upesi zaidi. Anayejidunga kisha akatembea juani hadi Marikiti na kurudi na mizigo, huku misuli nayo yatumia sukari, anaweza kushuka kwa kipimo kile kile kilichomfaa Julai. Simwambii mtu apunguze dawa. Hiyo ni kazi ya daktari wake. Namwambia apime mara nyingi zaidi miezi hii, aandike, ampelekee daktari maandishi.

Wenye presha nao wasikie. Baadhi ya vidonge vya presha na moyo, propranololi ni mfano, huzuia adrenalini isifanye vituko vyake. Moyo haupigi mbio, mikono haitetemeki. Mtu hushuka bila kengele. Ila jasho halizuiliki na vidonge hivyo; hubaki. Kwa hivyo anayevimeza pamoja na dawa ya sukari, jasho la baridi huenda ndiyo dalili pekee atakayopewa, na akiwa Mombasa, ndiyo dalili ambayo kila mtu ataidharau.

Suala la kuhifadhi insulini huulizwa zaidi ya yote. Ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, kati ya nyuzi 2 na 8, mbali na barafu, kwani ikiganda imekufa hata ikiyeyuka. Iliyofunguliwa nyingi huvumilia wiki 4 hivi nje ya friji ikiwa joto halipiti 25 au 30, kutegemea aina. Soma karatasi yake. Chumba cha mabati huku Machi hupita 30 bila kuomba ruhusa. Wengi wameambiwa na jamaa zao wa kaskazini mwa nchi watumie mtungi wa udongo na mchanga mbichi. Ushauri mzuri, ila mtungi hupoza kwa njia ile ile ya jasho: maji hupenya udongo, hukauka nje, huondoka na joto. Wajir utapoza vizuri. Hapa, hewa iliyojaa maji haiupi nafasi, kama isivyoipa ngozi yako. Utashusha joto kidogo, na kidogo ni bora kuliko hakuna, lakini uweke dirishani penye upepo. Nimekuta mtungi umefungiwa ndani ya kabati "usipate vumbi." Hapo umebaki chombo cha kuwekea tu. Mwenye jirani mwenye friji aombe kona moja ya mlangoni; sijaona jirani wa Mombasa anayekataa hilo.

Na vile vijiti vya kupimia vifungwe kwenye kikopo chake, maana unyevu huviharibu. Na mikono ioshwe. Kuna aliyekuja na 19 akilia, nikamnusa vidole: embe. Alipoosha kwa sabuni na kujifuta, 8. Embe lenyewe alilila la pilipili na chumvi, akadhani vitu hivyo vimeua utamu.

Miaka hii Ramadhani imeangukia kaskazi, kwa hivyo maswali yote haya huja kwa pamoja baada ya adhuhuri. Mfungaji anayetumia dawa za sukari huwa hatarini zaidi saa za mwisho kabla ya magharibi, akiba ya ini imepungua, na saa hizo ndizo wapishi wamo jikoni juu ya makaa wakikaanga kaimati na viazi karai, jasho likiwatoka kwa sababu nzuri kabisa. Anayetaka kufunga amwone daktari kabla mwezi haujaandama, nyakati na vipimo vya dawa vibadilishwe. Kutoboa kidole hakubatilishi saumu kwa kauli ya wanazuoni wengi, na nimeshaona mashekhe wenyewe wakinyoosha kidole. Ikishuka chini ya 3.9, au ikipanda kupita 16.7, ushauri wa madaktari ni kufungua hapo hapo. Si baada ya adhana. "Imebaki nusu saa, daktari," huniambia. Nusu saa kwa mtu mwenye 3.1 na kidonge ndani ya damu ni muda mrefu sana, nami hapo huwa mkorofi kuliko Ami.

Kufungua kwa nini? Sukari vijiko 3 kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Tende ni nzuri, tatu za kawaida zatosha. Kaimati ina shira, kweli, lakini mafuta yake huchelewesha, na chokoleti ni hivyo hivyo. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu kinywani kabisa. Alazwe ubavu, akimbizwe hospitali.

Na dafu, ambalo wote huniulizia? Glasi yake kwa kawaida haifiki hata gramu 10 za sukari, na mwenye 2.9 ahitaji 15 kwa haraka. Lanywewe baadaye, kwa maji yaliyopotea, kama figo ni nzima, maana lina potasiamu nyingi. Mwanzo sukari, robo saa, pima, kisha chakula cha kushika tumbo kama mkate wa mofa au muhogo wa kuchemsha, kwa sababu vile vijiko 3 huisha mapema na kidonge cha alfajiri bado kinafanya kazi mpaka usiku.